Hema la Mtu Mmoja

Gunnison, Kolorado
26 Aprili 1992

Shangazi Ardith mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limeanza kukubali ngazi za kanisani, na kwamba ziwa limekuruhusu kufungua madirisha. Huku theluji imebaki kwenye vivuli tu. Mimi mzima. Nimekaa kwenye greda nikisukuma theluji tangu Novemba mpaka mgongo umechukua umbo la kiti. Hoyt, msimamizi wetu, anasema nikifa itabidi nizikwe nimekaa.

Nina shida, na ni ya ufundi wako. Nimeomba kibali cha kuwinda kulungu kwa gobore mwezi wa Septemba, kule juu kwenye bonde la Ziwa Cutbank, alikokuwa akinipeleka baba. Mara hii sitaki farasi. Nataka kwenda kwa miguu, kila kitu mgongoni, na nikipata mnyama niishushe nyama mwenyewe kidogo kidogo. Kwa hiyo napunguza. Gobore la baba lina ratili tisa na hilo halikatiki. Baruti nimeipima na kuigawa kwenye vikopo vya filamu ya kamera, kila kikopo kinatosha kushindilia mara moja. Risasi kumi, hakuna haja ya zaidi. Mtu anayehitaji kumi na moja arudi nyumbani. Fataki za kuilipua baruti ziko ndani ya mrija wa dawa. Hata mswaki nimeukata mpini.

Limebaki hema. Unaweza kunishonea turubai la nailoni nyembamba, futi nane kwa tano, lenye vitanzi kwenye pembe? Nguzo sihitaji, nitalisimamisha kwa fimbo ya kutembelea.

Mtoto wa kaka yako,
Janelle


Duluth, Minnesota
11 Mei 1992

Janelle mwanangu,

Marahaba. Goti linaniheshimu siku za jua, siku nyingine linanidharau. Barafu iliondoka wiki iliyopita kwa kelele kama sahani zinavunjwa jikoni kwa jirani. Kiwandani wamenipa wasichana wawili niwafundishe kushona vifungo vya mahema. Mmoja ana mkono mzuri. Mwingine anashona kana kwamba anafukuzwa na mbwa. Kanisani wamepata mchungaji mpya, kijana, anahubiri kwa kifupi, tunampenda.

Nailoni ninayo, ya kijivu, nyepesi mpaka ukiishika unadhani umeishika hewa. Lakini nilichora vipimo vyako kwa chaki sakafuni kisha nikalala pembeni yake. Usicheke, kuinuka kulinichukua muda. Futi nane kwa tano ni mtu mmoja na viatu vyake. Curt wako atalala wapi? Yule mtu ana mabega kama mlango wa ghala.

Nitumie vipimo vya watu wawili nianze kukata. Na umsalimie.

Shangazi yako,
Ardith


Gunnison
28 Juni 1992

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa kukawia, mito ilijaa ikatubomolea barabara sehemu tatu. Nimefurahi kusikia habari za mchungaji wa maneno machache.

Kibali nimepata! Miaka minne naomba nakosa, na mwaka huu jina limetoka. Niliipigia kelele bahasha pale posta mpaka mzee mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Vipimo viache vilevile.

Sasa sikiliza. Nimetengeneza shanta langu upya. Nimetoa mikanda ya pembeni, nimetoa mfuniko, nimetoa na ile mifuko midogo ambayo mtu huijaza vitu ili tu isikae tupu. Jiko silipeleki, nitakula shayiri iliyolowekwa kwa maji baridi, jibini na nyama kavu. Mfuko wa kulalia ni ule wa manyoya ya bata. Kisu kimoja. Msumeno mdogo wa kukatia mifupa nimeuacha, viungo vinaachana kwa kisu ukijua pa kupita. Kamba nimepunguza nusu. Nguo za kubadilisha ni soksi peke yake. Mdomo wa mtutu nitaufunika kwa mpira wa puto mvua isiingie. Huo hauna uzito wowote, na risasi inaupasua tu ukifyatua. Kila jioni nalipanga shanta, napanda nalo mlima wa nyuma ya mji, narudi, natoa kitu kingine.

Tafadhali tumia namba ya sanduku la posta iliyo juu ya bahasha hii, usitumie anwani ya zamani.

Janelle


Duluth
19 Julai 1992

Janelle,

Marahaba. Hapa joto limekuja kwa siku nne na watu wanalalamika kama walioonewa. Nimepika jamu ya rubabu, yale mabua machachu, chupa kumi na mbili, nani atazila sijui. Yule msichana wa kufukuzwa na mbwa ameacha kazi.

Hema bado. Uzi wenye nta haujaletwa, na uzi wa kawaida unanyonya maji kwenye mshono. Siwezi kukupa kitu kinachovuja. Vuta subira.

Nilipiga simu nyumbani kwako Jumapili. Sauti ya mashine ikaniambia namba hiyo haitumiki. Nikadhani vidole vyangu vimekosea, nikapiga tena taratibu, sauti ikaniambia vilevile.

Nimekuuliza kuhusu Curt ukanijibu kuhusu msumeno. Nimekuuliza tena kwa kumsalimia, ukanijibu kuhusu soksi. Mimi si mtoto, Janelle. Unakwenda na nani huko juu?

Ardith


Gunnison
4 Agosti 1992

Shangazi,

Curt hayupo. Aliondoka mwezi wa Machi, siku ile theluji ilipofunga barabara ya kwenda kusini. Nilitoka alfajiri na greda kuisafisha, na saa nne akapita nyuma yangu na gari lake na trela la farasi, akanipungia mkono. Nikampungia. Nilidhani anawapeleka farasi kwa daktari. Mimi mwenyewe nilimfungulia njia. Cheka tu, hata mimi nimeshacheka.

Alichukua farasi, hema na mbwa. Nyumba ilikuwa ya kupanga, nimeiacha. Naishi kwenye trela nyuma ya gereji ya kaunti na sina simu.

Nakwenda peke yangu. Ulitaka kusikia, umesikia. Usiniulize kwa nini sikumtafuta mwenzangu wa kwenda naye. Huku mjini upweke ni aibu, watu wananiangalia dukani ninaponunua yai mojamoja. Kule juu upweke ni kazi kama kazi nyingine, una utaratibu wake. Nataka siku chache za upweke wa namna hiyo.

Msimu unafunguliwa tarehe kumi na mbili Septemba. Nitumie hema, au sema hutumi.

Janelle


Duluth
16 Agosti 1992

Janelle mwanangu,

Barua yako haikuwa hata na shikamoo, nami nimeisoma nimesimama jikoni, nikaisoma tena nimekaa. Pole. Pole kwa Curt, na pole kwa miezi yote hii uliyoimeza peke yako ukiniandikia habari za mswaki. Nilimpenda yule mtu. Sasa natamani nimshone mdomo kwa uzi wa turubai.

Sasa na mimi niseme langu. Unajua mume wangu Einar alipotea ziwani. Ndivyo tunavyosema kwenye ukoo huu, "alipotea ziwani", halafu mtu anapitisha kahawa. Ulikuwa mdogo na hukuuliza. Ilikuwa Februari. Alikuwa anakwenda kuvua kwenye barafu, na alikuwa na kamba na misumari miwili ya kushika mkononi, ile ya kujivutia ukitumbukia. Asubuhi ile nilimwona anaitundika kamba kwenye msumari wa ukutani. Nikamuuliza, "Hiyo unaiacha?" Akasema, "Inanilemea bure, Ardith. Leo siendi mbali." Nikamwambia basi akirudi apitie mkate.

Hicho ndicho nilichomwambia. Mkate.

Nilikaa dirishani mpaka Machi. Hakupatikana. Na tangu Aprili kila barua yako inaniambia umepunguza nini. Umeacha jiko, umeacha msumeno, umekata kamba. Kila nikisoma namwona ananyoosha mkono kwenye ule msumari ukutani.

Hema liko tayari. Lilikuwa tayari tangu mwanzo wa Julai, limekunjwa kabatini, ni dogo kama mkate wa kilo. Uzi haukukosekana. Nilidhani usipolipata hutakwenda.

Niandikie njia yako yote: unaacha gari wapi, unapandia wapi, unalala wapi, unatoka siku gani, na namba ya mtu wa kumpigia. Nikiipata nalituma siku hiyo hiyo.

Ardith


Duluth
5 Septemba 1992

Janelle,

Nimeshindwa kungoja. Jibu halijaja na kalenda ninaiona. Hema ni hili. Kila mshono nimepitisha mara mbili. Jumatatu ni sikukuu na posta itafungwa, namwomba Mungu ulikute. Kama bado hujaondoka, lichukue. Njia uniandikie hata kwenye kipande cha mfuko wa sukari.

Shangazi


Gunnison
9 Septemba 1992

Shangazi,

Tulikuwa kambini wiki tatu tukitengeneza daraja la juu, na barua yako ya Agosti nimeichukua posta leo. Kifurushi hakuna. Nimemuuliza yule mama wa dirishani mara mbili, akaenda kuangalia na nyuma.

Nimesoma habari ya mjomba Einar. Nimelia kwa ajili yake na kwa ajili yako. Halafu nimefika pale pa kabati, na sijui niandike nini. Tangu Julai, shangazi! Mimi nilikuwa nikikuamini kuhusu uzi.

Naondoka keshokutwa. Likizo nimeshapewa na kibali si cha mwaka ujao. Nimenunua karatasi ya plastiki, ile ya kufunikia mbao wakati wa kupaka rangi.

Njia unayoitaka hii hapa. Gari linabaki mwisho wa barabara ya Mto Sallow. Nafuata mto upande wa kaskazini mpaka penye daraja la gogo, navuka, napanda mkono wa kushoto wa kijito mpaka Ziwa Cutbank. Nalala kwenye misonobari ya upande wa mashariki wa ziwa. Sihami hapo. Nitakuwa nimetoka Alhamisi tarehe kumi na saba. Wa kumpigia ni Hoyt Ballew, namba yake nimeiandika nyuma. Hajui ninakokwenda. Hakuna anayejua ila wewe.

Janelle


Duluth
18 Septemba 1992

Janelle,

Naandika kwa sababu mikono haitaki kutulia, na nikishona leo nitaharibu kitambaa cha watu.

Jumanne televisheni ilionyesha Kolorado yote nyeupe. Msomaji habari alikuwa anacheka, akasema majira ya baridi yamepiga hodi mapema. Nikaizima.

Jana ilikuwa Alhamisi. Nilikaa karibu na simu tangu kahawa ya asubuhi. Najua huna simu kwenye trela, lakini nilisema utapiga kutoka gereji, utapiga kutoka dukani, utapiga hata kunitukana. Jioni nikampigia Hoyt.

"Hajafika," akasema. "Lakini mama, mtu akipata mnyama huchelewa. Nyama ni nzito."

"Ana karatasi ya plastiki," nikamwambia. "Hana hema."

"Janelle? Hana hema? Mbona alisema shangazi yake..."

Nikamsomea njia yako neno kwa neno. Akaniambia atasubiri mpaka mchana wa leo. Nikamwambia maneno ambayo mchungaji wetu hayajui, mengine ya Kinorwe, aliyokuwa akiyatumia baba yangu kwa farasi. Nikampigia tena. Mara ya nne mkewe ndiye aliyepokea, akasema, "Mama, ameshavaa viatu. Ameondoka na vijana wawili na greda, barabara ya mto imefungwa na theluji."

Hiyo ni alfajiri. Sasa ni jioni. Nimekaa dirishani, Janelle. Nilijiapia sitakaa tena dirishani na nimekaa. Ziwa limetulia, linang'aa kama halijawahi kumfanyia mtu ubaya.

Ulipokuwa na miaka sita ulinijia hapa, ukanisaidia kuhesabu vifungo, ukakimeza kimoja. Nilikaa na wewe siku mbili nikingoja

Simu inalia.


Gunnison, nyumbani kwa Hoyt
27 Septemba 1992

Shangazi,

Hoyt alikupigia siku ile, na najua uliomba kuongea na mimi. Nilikuwa nimelala chumba cha pili na niliweza kuinuka. Nilikataa. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko kwenye plasta. Nakueleza yote mara moja, sitaki kuyarudia.

Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri mno. Shanta lilikuwa jepesi, nikapanda bila kutweta. Niliona majike na watoto wao wakinywa maji ng'ambo ya ziwa, na nilikaa siku nzima bila kumwaza Curt hata mara moja. Jioni nikagundua sijamwaza, nikacheka kwa sauti.

Jumatatu mvua, ikageuka theluji. Upepo ukaipeleka plastiki kwenye kisiki cha tawi ikachanika kutoka juu hadi chini. Niliishika kwa mikono, nikaifunga kwa kamba ile niliyoikata nusu, haikufika. Manyoya ya bata yakilowa, shangazi, ni sawa na kujifunika uji. Gobore nililala nalo nimelikumbatia, nikaufunga mdomo wake vizuri, lakini maji yaliingilia upande wa pili, kwenye kitundu cha fataki.

Jumanne asubuhi dume likatoka kwenye misonobari. Yadi arobaini. Shingo nene, pembe zimejaa theluji. Nikaweka fataki, nikalenga, nikafyatua. Fataki ikalia tii! na basi. Dume likainua kichwa likaniangalia. Nikaweka fataki nyingine. Tii. Likaondoka kwa mwendo wa kutembea, hata halikukimbia. Nilikaa chini kwenye theluji nikasikia meno yangu yanagongana, na sikuwa nimejua yalianza lini. Hapo ndipo nilipoogopa. Sikuwa na nguvu ya kufungua kifungo cha koti.

Kilichoniokoa ni baruti iliyokuwa kwenye vikopo. Ilikuwa kavu. Nilivunja vitawi vikavu vya chini ya msonobari mmoja mkubwa, nikamwaga juu yake baruti ya vikopo viwili, nikaviwasha. Nyusi zimeungua zote. Nilikaa kwenye moto ule mpaka Jumatano kulipopambazuka, nikiongeza baruti kila ulipotaka kufa.

Nikateremka. Kwenye mawe ya kijito theluji ilikuwa imefunika mashimo, nikaanguka, mkono wa kushoto ukavunjika juu ya kiganja. Gobore la baba sikuweza kulibeba tena. Nimelitundika kwenye mti na liko huko mpaka Juni, kama litakuwepo. Alhamisi nilifika penye daraja la gogo. Lilikuwa barafu tupu. Kwa mkono mmoja singeweza kuvuka. Nikakaa chini ya ukingo nikila jibini.

Ijumaa nikasikia mtu anatukana mto. Alikuwa Hoyt.

"Wewe!" akapiga kelele toka ng'ambo. "Shangazi yako ni mtu wa namna gani? Amenitukana mimi na ukoo wangu!"

Nikamuuliza amejuaje nilipo.

"Amenisomea kama anasoma Biblia. Mto upande wa kaskazini, daraja la gogo. Kaa hapo hapo, usithubutu kuvuka."

Kwa hiyo umenitoa, shangazi. Hilo nalijua na sitalisahau. Lakini hema lilifika posta Jumamosi, siku moja baada ya mimi kuondoka. Mke wa Hoyt ameniletea. Nimelifungua. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona mkononi mwako. Nimelikunja nikalirudisha kwenye bahasha yake.

Najua ulifanya kwa kunipenda, hivyo usiniandikie hilo. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havina hisia na daktari hasemi kama zitarudi. Ulichagua badala yangu na hukuniambia. Curt naye alichagua badala yangu na hakuniambia. Nimechoka na watu wanaonipungia mkono huku wanajua jambo nisilolijua.

Krismasi siji.

Janelle


Duluth
4 Oktoba 1992

Janelle,

Nimeipata. Nimeisoma asubuhi, nikaenda kazini, nikarudi, nikaisoma.

Ulivyosema ndivyo ilivyo. Sina la kupunguza. Nilitaka usiende, na sikuwa na ujasiri wa kukuambia usiende, nikakudanganya kwa habari za uzi. Nilikuwa nakulinda na ziwa huku nakuweka kwenye theluji. Usiku wa Jumatatu ile mimi nilikuwa kitandani na blanketi mbili.

Mambo kama haya siwezi kuyaombea radhi kwa barua. Barua ndizo zilizotufikisha hapa; kwenye barua mtu anaandika anachotaka na kuacha anachotaka. Nimeomba likizo kiwandani, ya kwanza tangu mwaka ule wa Einar. Nimekata tiketi ya basi. Nafika Gunnison Jumamosi tarehe kumi na saba, saa kumi jioni. Sitaki nikukute kwa Hoyt kwa kushtukiza, ndiyo maana nakuambia mapema na kwa wazi.

Kama hutaki kuniona, usije kituoni. Sitamuuliza mtu nyumba yako. Nitalala hotelini na kugeuka na basi la asubuhi, na sitakuhesabia ubaya.

Ardith


Gunnison
9 Oktoba 1992

Shangazi,

Ratiba waliyokupa ni ya kiangazi. Sasa hivi basi la Denver linafika saa kumi na mbili na robo, na likikuta theluji mlimani linachelewa zaidi. Usishuke Salida hata dereva akisema kuna nafasi ya kula. Liliwahi kumwacha mama mmoja. Chukua chakula chako.

Kituo hakina paa. Vaa koti la baridi, si lile la kanisani. Mimi nitakuwa ndani ya gari la Hoyt, la kijani, mbele ya duka la vyuma. Bado nina hasira, na huenda nisiongee njiani.

Njoo na ile jamu.

Janelle